Mazungumzo ya Jamaa: Mama Mgonjwa na Daktari Amsikilizaye



Barua imetufikia kutoka Butembo, imeandikwa na mama mmoja mwenye watoto wanne. Jina lake hatulitaji, wala parokia yake. Asema kwamba miezi mitano iliyopita aliona uvimbe katika titi la kushoto, mdogo kama punje ya mahindi, mgumu, usiouma. Akaenda kwa daktari pamoja na mumewe. Daktari alisema na mume kwa Kifaransa, akaandika karatasi, na mama akasikia neno moja tu alilolifahamu: kansa. Daktari hakuugusa uvimbe huo, wala hakumwuliza mama swali lolote. Walipotoka nje alimwuliza mumewe, "Amesema nini?" Mume akajibu kwamba hata yeye hakufahamu vizuri. Sasa mama anatuuliza: Je, ni majivuno mbele ya Mungu, mtu maskini kumwacha daktari huyo na kutafuta mwingine? Au yampasa avumilie tu, kwa kuwa tumefundishwa kuuchukua msalaba?

Tumjibu upesi, maana ugonjwa haungoji gazeti. La, mama, si majivuno. Msalaba ni jambo moja, na uzembe wa mwanadamu ni jambo jingine. Hakuna Padri wa akili timamu atakayekuambia uupokee uzembe kwa kupiga magoti. Wewe hukumtukana daktari huyo, wala hukumsengenya. Unatafuta uzima wako, na uzima huo ni wa watoto wanne pia. Amri ya tano haikatazi kuua tu, bali yatudai tuutunze uhai tuliopewa.

Fungueni Injili ya Marko, sura ya tano. Yumo mwanamke aliyetokwa damu kwa muda wa miaka 12. Mwinjili hasemi kwamba alikosa waganga. Asema kinyume chake: aliwaendea wengi, akateswa mikononi mwao, fedha zake zote zikaisha, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. (Luka, ambaye mapokeo yasema alikuwa mganga, anaisimulia habari hiyohiyo kwa upole zaidi, hakutaka sana kuwaaibisha wenzake wa kazi!) Basi, Bwana Yezu alifanya nini? Damu ilikuwa imekwisha kukoma. Angaliweza kuendelea na safari, tena ilikuwa safari ya haraka, kwa maana binti wa Yairo alikuwa mahututi na baba yake alikuwa hapo hapo akingoja. Lakini alisimama katikati ya msongamano, akauliza ni nani aliyemgusa, akangoja mpaka yule mwanamke akaja akitetemeka na kumweleza habari yake yote. Mkubwa wa sinagogi akangojeshwa, ili mwanamke asiye na jina apate kusema.

Wengine watasema: hayo ni ya Injili, lakini katika Kivu ya Kaskazini, ambako hata daktari mmoja ni neema, nani awezaye kuchagua? Swali hilo ni la haki, nasi tutalirudia. Kwanza yafaa tujue kwa nini mama zetu huingia hospitali wakiwa na hofu, kwa maana hofu hiyo haikuzuka hewani.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni za malale za wakati wa Wabelgiji. Watu walipangwa mstari, wakapapaswa shingo, wakachomwa sindano katika uti wa mgongo, wala hakuna aliyewauliza kama wanakubali. Na siku nchi yetu ilipopata uhuru, mwaka 1960, hapakuwa na Mkongo hata mmoja mwenye shahada ya udaktari. Walikuwapo wauguzi na wasaidizi tu. Maana yake, bibi zetu hawakupata kuona daktari mwenye rangi yao na lugha yao. Walijifunza kunyamaza mbele ya kanzu nyeupe, na desturi hiyo wakawarithisha binti zao. Leo madaktari ni Wakongo, wengine ni watoto wa vijiji vyetu, lakini ukimya ule ungali upo, na wako madaktari wanaoupenda.

Wala si huku Afrika tu. Mwaka 1951 Henrietta Lacks, mama Mweusi wa Marekani mwenye watoto watano, alipokewa katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore kwa kansa ya mlango wa kizazi. Waganga walichukua chembe za uvimbe wake bila ya kumwuliza. Alikufa tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo, mwenye umri wa miaka 31. Chembe zake zaishi hata leo katika maabara za dunia nzima, na zimesaidia kupata maarifa na dawa nyingi. Lakini jamaa yake walikaa zaidi ya miaka 20 wasijue lolote. Ilikuwa mwaka 2023 tu walipopatana na kampuni moja kubwa iliyokuwa ikiuza chembe hizo.

Tena sisi wa Butembo na Beni tunalo kovu letu wenyewe. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020 Ebola ilituua, kutoka Mangina hata Beni, Katwa na Butembo. Waliokufa ni zaidi ya 2,200. Tuliona magari mengi, wageni wengi, askari wengi; waliokuja kuketi na kutusikiliza walikuwa wachache. Mbaya zaidi, mwezi wa Septemba 2021 tume huru iliyowekwa na Shirika la Afya la Dunia lenyewe ilitangaza kwamba watu 83 waliokuwa katika kazi ile walishukiwa kuwatumia wanawake vibaya, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika hilo. Mwanamke wa Beni aliyeyasikia hayo, akiambiwa avue nguo mbele ya daktari mgeni, mnashangaa kwamba anaogopa?

Haki yatudai tuseme na upande wa pili. Tarehe 19 Aprili 2019, nayo ilikuwa Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, papa hapa Butembo, wakamwua Dk. Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliyeacha nyumba yake akaja kututibu. Daktari naye ana hofu zake. Imani kati ya mgonjwa na daktari ilivunjwa na mikono mingi, na mingine ilikuwa mikono yetu.

Hasara ya mambo haya yaonekana kwa hesabu. Tangu mwaka 2014 wataalamu waliwafuata wanawake wenye kansa ya matiti katika nchi tano: Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika ya Kusini. Baada ya miaka mitatu, nusu tu ya wanawake wote hao walikuwa hai. Lakini wanawake Weupe wa Namibia, tisa katika kila kumi walikuwa hai, na wanawake Weusi wa nchi hiyohiyo moja walizidi nusu kidogo tu. Huko Marekani, wanawake Weusi hawapatwi na kansa ya matiti kuliko Weupe, tena huipata kwa uchache kidogo. Hata hivyo wanaokufa kwayo ni zaidi kwa karibu asilimia 40. Tusiwe wepesi kusema yote hayo ni dhuluma ya madaktari. Iko aina moja kali ya kansa ya matiti, isiyosikia dawa za homoni, ambayo huwapata wanawake Weusi mara mbili zaidi. Lakini aina hiyo peke yake haitoshi kueleza tofauti kubwa namna hiyo. Kuna kuchelewa, kuna umaskini, kuna umbali, na kuna mama ambaye alisema habari ya uvimbe wake na hakuna aliyemsikiliza.

Hata vitabu vina upofu wao. Picha nyingi za mafunzo zaonyesha ngozi nyeupe iliyogeuka nyekundu juu ya titi lenye kansa. Ngozi yetu haiwi nyekundu namna hiyo: huzidi weusi, au huwa na rangi ya zambarau, au hukakamaa na kuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Daktari anayengoja wekundu atangoja mpaka amechelewa.

Sasa turudie lile swali: nani awezaye kuchagua daktari hapa kwetu? Madaktari waliosomea kansa hasa ni adimu mno katika Kongo nzima. Ukisema, "Nitafute mtaalamu wa kansa aliye mwema," utatafuta sana. Lakini sisi twaona kwamba daktari wa kwanza anayehitajiwa na mama huyu si mtaalamu wa kansa. Anahitaji daktari wa karibu, hata akiwa kijana, hata akiwa wa hospitali ndogo, ambaye atakubali kuwa daktari wake. Huyo atamchunguza, atamwambia kweli, atampeleka mbele kwa barua iliyoandikwa vizuri, naye atampokea atakaporudi. Mtaalamu wa mbali atamwona mara chache tu. Huyu wa karibu ndiye atakayejua kwamba mama ametapika siku nne baada ya dawa, na kwamba mumewe hajafika kumwona.

Utamjuaje? Tazama kwanza mikono yake na macho yake. Kansa ya titi haitambuliwi kwa kutazama karatasi. Yampasa auguse uvimbe, na titi la pili, na makwapa, na kwa adabu, awepo muuguzi mwanamke au jamaa yako chumbani ukitaka. Kutaka hivyo ni haki yako, wala daktari mwema hatachukizwa. Sikiliza pia anasema na nani. Mgonjwa ni wewe, basi aseme nawe. Kama Kifaransa hukijui, mwambie bila haya, "Daktari, nieleze kwa Kiswahili," au kwa Kinande. Ikiwa hakijui Kinande, muuguzi wake anakijua. Mwisho wa mazungumzo mwambie maneno yake kama ulivyoyafahamu, naye akusahihishe. Tumeona wazee wakifanya hivyo katika mashauri ya mashamba, na hakuna anayewaita wajinga.

Liko jambo moja tunalotaka kila jamaa ilikariri kama katekisimu. Daktari hawezi kusema kwa hakika "Ni kansa" kabla ya kutoa kipande kidogo cha uvimbe na kukipeleka maabara kikaangaliwe kwa darubini. Daktari aliyemwambia mama huyu kansa bila hata kumgusa, alisema asilolijua. Huenda ni kansa, huenda si kansa. Vimbe nyingi za matiti si kansa. Tena kuna hospitali ambako uvimbe hukatwa wote, mama hushonwa, na nyama hutupwa shimoni. Hapo siri yote ya ugonjwa imetupwa! Bila kipande kile hakuna ajuaye ni kansa ya aina gani, wala kama dawa za homoni zaweza kusaidia, na mtaalamu wa mbali ataanza tena gizani. Basi kabla ya kupasuliwa uliza: "Nyama itakayotolewa itapelekwa wapi?" Daktari anayekujibu vizuri swali hilo, mshike sana. Anayekasirika, mshukuru, ukaondoke. Na karatasi zote, majibu yote, picha zote, weka katika bahasha moja nyumbani, mahali ambapo panya hawafiki.

Kuhusu kansa ya mlango wa kizazi, ambayo huua mama wengi katika nchi zetu, twaongeza neno fupi. Hiyo huanza polepole, kwa miaka mingi, na muuguzi aliyefundishwa aweza kuona dalili zake za kwanza kwa kupaka siki dhaifu na kutazama. Haihitaji mashine kubwa. Ulizeni katika vituo vya afya ni wapi kazi hiyo inafanywa, na mwende mkiwa wazima.

Tuseme sasa kansa imehakikishwa. Kupasua kwaweza kufanywa kwetu. Lakini mionzi haipatikani Butembo wala Beni. Njia ya Goma ilizidi kuwa ngumu vita vilipofika Kanyabayonga mwaka 2024, na mji wenyewe ulipotekwa mwezi wa Januari 2025. Ndiyo sababu wagonjwa wetu wengi wametazama upande wa Uganda: Butembo mpaka Beni kilomita 54, Beni mpaka Kasindi 80 hivi, kisha zaidi ya 400 hata Kampala. Njia ya Kasindi mnaijua. Mara nyingi magari yameungojea ulinzi wa askari, na wako walioondoka kwenda kutafuta uzima wakakutana na mauti njiani. Hatumwambii mtu aende kana kwamba ni safari ya sokoni.

Huko Kampala, katika kilima cha Mulago, iko Uganda Cancer Institute iliyoanzishwa mwaka 1967. Amin alipotawala wageni waliondoka, na Mwafrika, Dk. Charles Olweny, akaiongoza. Nayo imepata taabu zake: mwaka 2016 mashine ya pekee ya mionzi ya nchi nzima iliharibika kabisa, wagonjwa wakakaa bila tiba hiyo mpaka mpya ilipoanza kazi mwaka 2018. Kwa hiyo kabla ya kuuza shamba, daktari wako wa karibu apige simu, aulize: mashine inafanya kazi? Nafasi iko lini? Gharama ya mgeni ni kiasi gani? Simu moja yaweza kuokoa ng'ombe watatu.

Na lugha? Huko husemwa Kiingereza na Kiganda. Hapa Mungu ametuwekea faraja ndogo. Wakonzo wa Kasese ni ndugu zetu wa upande wa pili wa Ruwenzori, na lugha yao na yetu ni kama moja. Waliosomea uuguzi miongoni mwao ni wengi. Mama akifika wodini asione haya kuuliza kwa sauti kama yuko anayesema Kikonzo.

Yawezekana pia kwamba ugonjwa umekwenda mbali, na daktari aseme hakuna dawa ya kuuondoa. Asiseme "hakuna la kufanya," kwa maana si kweli. Maumivu yana dawa yake, mofini ya kunywa. Dk. Anne Merriman, Mwingereza aliyepata kuwa mtawa wa shirika la Medical Missionaries of Mary, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akaonyesha kwamba dawa hiyo ya maji, iliyo rahisi, yaweza kufika hata katika nyumba ya nyasi, na mgonjwa akakaa na jamaa yake bila kulia usiku. Daktari anayeendelea kumtunza mama hata hapo ndiye tuliyekuwa tukimtafuta tangu mwanzo wa mazungumzo haya.

Ninyi waume, tunalo neno kwenu. Twajua nyumba ambamo mama alikatwa titi, akarudi kutoka hospitali, akakuta vitu vyake vimefungwa ili arudishwe kwao, kana kwamba mahari ilikuwa ya titi! Mlipoapa mbele ya altare mlitaja afya na ugonjwa. Nenda naye kwa daktari, naam, lakini akiulizwa swali mwache ajibu mwenyewe.

Na ninyi wenye vyumba vya maombi, mnaomwambia mgonjwa atupe vidonge ili imani yake ionekane, someni kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38. Humo tunafundishwa kumheshimu mganga kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na kutozidharau dawa zitokazo katika nchi. Kuomba na kunywa dawa havigombani. Uvimbe wa punje ya mahindi, ukiombewa miezi minane bila daktari, huwa kama yai la bata. Tumewazika wa namna hiyo.

Mama wa Butembo, tumekuandikia pia kando, kwa posta, na majina ya mahali pa kuuliza. Usingoje mwezi wa sita. Nenda wiki hii, uende na dada yako au mama wa jumuiya yako mwenye ulimi, aandike yanayosemwa. Siku moja kabla ya kupasuliwa umwombe Padri Mpako wa Wagonjwa. Jirani wakisema kwamba Padri akija na mafuta mtu amekwisha kufa, waambie Sakramenti hiyo ni ya wagonjwa, nawe u mgonjwa, na siku ya tatu u tayari kula uji.